Mtu anapigwa risasi 6 kifuani, polisi wanasema kafa kifo cha kawaida. Hii ya John Palmer imekaaje wakuu?

#1 Kitasa Kibovu
Wakuu habari za wikiendi. Nimemaliza kuangalia ile tamthilia ya BBC ya wizi wa dhahabu pale Heathrow, sasa nikaanza kufuatilia mmoja mmoja wameishia wapi, nikakwama kwa huyu John Palmer waliyembatiza Goldfinger. Kwa wasiomjua, huyu ni mtoto wa Solihull kule karibu na Birmingham, shule kaacha na miaka 15, kusoma na kuandika kwa shida, kaanza kwa kuuza mafuta ya taa kwenye gari na kuezeka mapaa na kaka yake, baadae akaingia biashara ya vito na dhahabu. Kufikia miaka ya 90 mwishoni magazeti ya kwao yanamuweka kwenye orodha ya matajiri na paundi milioni 300, sawa na Malkia. Malkia Elizabeth huyu huyu.

Tarehe 24/6/2015 anakutwa chini kwenye bustani ya nyumba yake South Weald, Essex. Polisi wakaja, watu wa ambulensi wakaja, wakaona vidonda kifuani wakasema huyu si katoka kufanyiwa upasuaji juzi tu, basi mambo yamemzidia. Karibia wiki nzima inapita, maiti inafanyiwa uchunguzi ndo wanakuta risasi. SITA.

Hadi leo hakuna aliyehukumiwa. Swali langu ni mawili, moja ilikuwaje wasione, pili nani alimuua. Mimi nina jibu langu ila nataka niwasikie kwanza.

#2 Ntakujibu Kesho
Nimekaa hapa na karanga zangu.

#3 Kipanga84
Hiyo ingetokea huku kwetu mngesema serikali inaficha. Ikitokea Ulaya mnasema "ilikuwaje".

#4 Babu Asili
Ile dhahabu ina kitu. Wote walioigusa wameondoka vibaya. Mali ya dhuluma haina mwenyewe.

#5 Wakili Njaa
Mkuu Kitasa uzi mzuri ila umeruka katikati, mtu atadhani jamaa alikuwa mmoja wa waliovamia. Palmer hakuwepo kwenye uvamizi. Tupange vizuri.

Tarehe 26/11/1983 asubuhi, watu 6 wenye silaha wanaingia ghala la kampuni ya Brink's-Mat, eneo la maghala pale Heathrow. Wamefunguliwa na mtu wa ndani, mlinzi anaitwa Tony Black, ambaye dada yake alikuwa anaishi na mmoja wa majambazi, Brian Robinson. Walinzi wakamwagiwa petroli wakaonyeshwa kiberiti ili watoe namba za sefu. Walikuwa wanategemea kama paundi milioni 3 keshi, wakakutana na vipande karibu 6,800 vya dhahabu, tani 3, pamoja na almasi. Thamani ya siku hiyo paundi milioni 26. Yaani wamekwenda kuiba kuku wamekuta ng'ombe, na kamba ya kuku ndo waliyobeba.

Black akabanwa akataja. Robinson na Micky McAvoy wakala miaka 25 kila mmoja. Lakini dhahabu ilikuwa imeshatoka, na hapo ndo wanaingia kina Kenneth Noye na Palmer, hawa ni watu wa KUISAFISHA. Palmer alikuwa na kampuni ya vito Bristol inaitwa Scadlynn, na kwake huko Lansdown juu ya mji wa Bath alikuwa na tanuru bustanini.

#6 Kipanga84
"Dada yake alikuwa anaishi na mmoja wa majambazi." Mashemeji jamani. Hakuna usalama wa taifa unaoweza kumzuia shemeji.

#7 Mchekecha wa Chunya
Hapo kwenye kusafisha ngoja niingie maana ndo kazi yangu miaka 14 sasa, nimeanza kama mbeba mawe, leo nanunua na kuchoma.

Kwanza ukigawanya tani 3 kwa vipande 6,800 unapata chini ya nusu kilo kwa kipande kimoja, kwa hiyo futeni yale matofali ya kwenye muvi, mengi ni vipande vinavyokaa kiganjani. Tatizo la ile dhahabu halikuwa uzito, lilikuwa USAFI. Dhahabu ya benki ni safi kabisa karati 24, ina mhuri na namba. Sasa mtu wa skrapa, anayenunua bangili zilizokatika na pete za marehemu, hawezi kuwa na mzigo safi hivyo. Ukimpelekea mnunuzi anayejua kazi anakuangalia usoni kabla hajaangalia mzani. Mimi mwenyewe mtu akiniletea kipande kisichokuwa na weusi weusi wa machimbo namuuliza mzee hii umetoa wapi.

Kwa hiyo walichofanya ni kuiharibu makusudi. Unaweka chunguni na shaba, hata sarafu za shaba, unayeyusha, inashuka karati na rangi inageuka wekundu wekundu kidogo, inaonekana ni mabaki ya vito. Halafu ndo inauzwa kihalali kama skrapa. Wao waliitia uchafu ili ionekane safi, hapo nacheka kila siku.

Na kuna la risiti. Noye alikwenda kisiwa cha Jersey akanunua vipande 11 vya kilo moja moja, halali kabisa, kwa keshi. Vya nini? Makaratasi. Ukisimamishwa barabarani na vipande 11 unatoa risiti ya vipande 11. Kesho vingine 11, risiti ile ile. Huku kwetu wapo wanaofanya hivyo na kibali kimoja, sitataja mkoa.

#8 Kitasa Kibovu
Mchekecha ubarikiwe mkuu, hii kwenye tamthilia sikuielewa kabisa.

#9 Ntakujibu Kesho
Mchekecha "sitataja mkoa" na jina lako lina Chunya ndani yake 😂😂

#10 Mchekecha wa Chunya
Chunya ni wilaya.

#11 Wakili Njaa
😂 Sasa sikilizeni hii kuhusu tanuru. Siku mbili baada ya wizi, SIKU MBILI, majirani wa Palmer, mtu na mke wake, wanaona chungu cheupe kwa moto kwenye kibanda bustanini. Wakaunganisha na habari ya redio, wakaita polisi. Polisi wakaja, wakaonyeshwa kibanda, wakasema samahani hapo ni nje kidogo ya mpaka wetu tutawaambia wenzetu. Miezi 14 ikapita ndo wanavamia. Na wale majirani hawakuwahi kuitwa kuandika maelezo.

Walipovamia Januari 1985 Palmer yuko likizo Tenerife, kisiwa cha Hispania, na familia. Akabaki huko huko. Zama hizo Uingereza na Hispania hazikuwa na mkataba wa kurudishiana wahalifu, wa zamani ulivunjika 1978 na mpya ukaja 1985, ndo maana ile pwani ya Hispania ilijaa majambazi wa Kiingereza wanaota jua. Baadae pasipoti ikamwishia, akajaribu Brazil wakamkatalia, akarudishwa London. 1987 anasimama mahakama ya Old Bailey, London, anasema ndiyo niliyeyusha dhahabu, ila sikujua ni ya Brink's-Mat. Jopo likamuachia. Akawarushia busu.

#12 Mtoto wa Geti Kali
Akawarushia BUSU 😭😭😭

#13 Kitasa Kibovu
Wakili umenigusa penyewe. Ona sasa, polisi wamemkosa mara mbili. Mara ya kwanza chungu kinawaka mbele yao wanasema sio mpaka wetu. Mara ya pili maiti ina matundu sita mbele yao wanasema ni operesheni. Mtu mmoja, miaka 32 katikati. Hii ndo inanisumbua akili.

#14 Babu Asili
Mnaongea sayansi mpaka mnachoka. Orodha hii hapa. Charlie Wilson, aliyekuwa kwenye ule wizi wa treni wa 1963, alitajwa kupewa sehemu ya hela za Brink's-Mat aizungushe, kapigwa risasi kwake Marbella 1990 na kijana aliyekuja na BAISKELI. Nick Whiting 1990. Donald Urquhart 1993, barabarani London. Solly Nahome 1998. Brian Perry 2001. George Francis 2003. Halafu Palmer 2015. Saba hao. Mniambie ni bahati mbaya.

#15 Wakili Njaa
Babu nakuheshimu ila George Francis mtoe kwenye orodha ya majini. Waliomuua walihukumiwa 2007, ilikuwa deni la biashara ya usafirishaji, kitu kama paundi 70,000. Alikwenda kudai chake. Jini gani linaua kwa ankara?

#16 Babu Asili
Jini hutumia sababu.

#17 Kipanga84
Hapo Wakili huna jibu, funga faili.

#18 Sista wa Essex
Nimejiunga leo kwa ajili ya huu uzi tu, nimekuwa msomaji wa kimya kimya miaka. Mimi ni nesi, naishi Essex, sio mbali na hapo South Weald. Naomba nijibu swali la kwanza la mtoa mada.

Watu wakisikia risasi sita wanapata picha ya kifua kimefumuka. Sio hivyo. Magazeti ya huku yaliandika bunduki ilikuwa ya .32, ni ndogo. Tundu la kuingilia la risasi ndogo linaweza kuwa dogo kuliko ncha ya kidole changu cha mwisho, na ngozi hujirudi ikaziba, damu nyingi ikabaki ndani. Sasa mtu katoka kufanyiwa upasuaji wa matundu madogo siku chache tu. Upasuaji huo unaacha nini? Vitundu. Sentimita moja moja, vitatu vinne, vina gundi au plasta, pembeni pamevilia. Mzee wa miaka 64, historia ya ugonjwa, yuko chini bustanini, familia inalia, hakuna bastola, hakuna mlango uliovunjwa. Umeshajijibu kabla hujafungua shati vizuri.

Sisemi ni sawa. Nilipoanza kazi wodini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, tulipokea mgonjwa ambaye karatasi ilisema kaanguka bafuni. Tukamtibu kuanguka bafuni siku nzima. Jioni nambadilisha shuka naona alama za vidole shingoni, vinne upande huu na kimoja upande ule. Nilizipita asubuhi nikimpima presha, nilikuwa nimeinama hapo hapo. Sikuziona kwa sababu karatasi ilishaniambia cha kuona. Nina miaka mingi kazini na nikiinama juu ya mgonjwa bado naanza na shingo.

#19 Mtoto wa Geti Kali
Sista umenisisimua mwili.

#20 Kitasa Kibovu
Karibu sana Sista. Nimekuelewa kuhusu watu wa ambulensi. Ila polisi? Huyu sio mzee wa kawaida, ni PALMER, ukiandika jina lake kwenye kompyuta ya polisi mashine inatakiwa ipige honi.

#21 Sista wa Essex
Ndo walilaumiwa hapo, na askari wawili wa vyeo vya chini wakachunguzwa. Ila kumbuka hawa ni vijana wa zamu waliotumwa "kuna mzee kaanguka". 1985 huenda hawajazaliwa.

#22 Jirani wa Nyali
Wadau mnasahau sehemu kubwa, mnazungumza dhahabu dhahabu, na jamaa alifungwa kwa TAIMSHEA. Dhahabu waliachilia, hii ndio ilimpeleka ndani.

Taimshea kwa asiyejua, wakuuzia wiki moja ya nyumba ya likizo. Nyumba si yako, wiki ndio yako, kila mwaka, na kila mwaka walipa ada ya matunzo. Palmer pale Tenerife alijenga ufalme wa hizo. Vijana wakaa ufukweni na kadi za kukwangua, wakwangua wewe, oh hongera umeshinda, njoo ofisini uchukue zawadi. Ukiingia hutoki, saa nne tano unabembelezwa. Na utapeli wake ulikuwa hivi, mzee wa watu tayari ana wiki yake, waambiwa nunua hii mpya bora zaidi na ile ya zamani sisi tutakuuzia kwa faida au tutakupangishia. Hawauzi, hawapangishi. Mzee abaki na mbili na madeni. Watu kama 16,000 waliumia, hasara kama paundi milioni 30, wengi wastaafu. Mei 2001 akapigwa miaka 8. Aliwafukuza mawakili wake akajitetea mwenyewe.

Nami nawajua hawa wa kukwangua. Niliwahi kufanya kazi ya dereva wa watalii huku Pwani, kulikuwa na kikundi kikifanya mchezo huo huo kwa wazungu wazee, nami nikipata kamisheni nikiwapeleka. Shilingi mia tano kila jozi. Kuna mama mmoja Mwingereza na mumewe, niliwashusha asubuhi, nikaja kuwachukua saa kumi, yule mama akaingia garini hasemi, mumewe ashika karatasi kwa mikono miwili kama mtoto ashikavyo ripoti ya shule. Njia nzima kimya. Kufika hotelini yule mzee akanipa tipu bado! Nikaacha ile kazi, si siku ile, uongo nisiseme, ila mwezi ule.

#23 Ntakujibu Kesho
"Si siku ile uongo nisiseme" 😂 angalau mkweli

#24 Jirani wa Nyali
Watoto walitaka unga ndugu yangu.

Nataka kusema hivi, ukitafuta aliyemuua Palmer usiangalie wezi 6. Una wazee 16,000 na watoto wao.

#25 Wakili Njaa
Jirani hesabu nzuri ila mwathirika wa taimshea hatoboi tundu kwenye uzio. Nasema hivi kwa sababu polisi walikuta kitundu kimetobolewa kwenye uzio wa bustani, upande wa nyuma unaopakana na hifadhi ya Weald. Mtu alikuwa anachungulia. Na Palmer aliuawa kwenye kona ambayo kamera zake hazifiki, akiwa anachoma makaratasi. Mtu anajua nyumba, anajua kamera, anajua ratiba. Hiyo ni kazi ya kulipwa.

#26 Kitasa Kibovu
SASA hapo ndo jibu langu linaingia. Alikuwa anachoma makaratasi. Kwa nini? Hispania walimkamata 2007 uwanja wa ndege Tenerife, wakamuweka ndani kama miaka miwili, akatoka kwa dhamana 2009. Kufikia 2015 ile kesi imeamka, utapeli na kutakatisha pesa, na hakuwa peke yake kwenye faili. Mzee wa miaka 65, mgonjwa, ukimwambia utafia jela ya Hispania au uongee, ataongea. Kuna watu hawakutaka aongee. Kwisha.

#27 Wakili Njaa
64. Kazaliwa Septemba 1950, kauawa Juni.

#28 Kitasa Kibovu
Haya 64. Hoja ibaki.

#29 Mchekecha wa Chunya
Moto wa bustanini usiufanye ushahidi mkuu. Waingereza wazee wanachoma takataka bustanini kama sisi. Mtu mwenye miaka 30 ya makaratasi ya biashara za ujanja anachoma kila wiki.

#30 Mtoto wa Geti Kali
Mimi nilisoma kwamba ni mambo ya Hatton Garden. Ule wizi wa wazee Pasaka ya 2015 waliotoboa ukuta wa zege kuingia chumba cha masefu London. Ilikuwa Aprili, Palmer kafa Juni. Na mmoja wa wale wazee, Brian Reader, alishawahi kufungwa kwa dhahabu ya Brink's-Mat. Kwamba walihisi Palmer ndo kawachoma kwa polisi.

#31 Wakili Njaa
Magazeti yaliandika ndiyo. Ila wale wazee walikamatwa Mei, na walikamatwa kwa uzembe wao, mmoja kaenda na gari lake mwenyewe kwenye tukio, polisi wakafuata gari hadi baa wakawarekodi wanajisifu. Hakukuwa na haja ya kuchomwa na mtu. Unaweza kusema wao hawakujua hilo. Sawa. Lakini ni uvumi.

#32 Kipanga84
Mzee wa miaka 76 anatoboa ukuta wa zege, mimi nina 39 nikipanda ngazi za Kariakoo naomba maji.

#33 Babu Asili
Na Noye je? Huyo mbona mnampita.

#34 Wakili Njaa
Sitaki kumhusisha mtu aliye hai na kifo ambacho hajashtakiwa, na wewe Babu usifanye hivyo, mods watafunga uzi. Ya kwake yanayojulikana ni haya. Januari 1985 askari aliyejificha kwenye bustani yake akimpeleleza, John Fordham, alichomwa kisu akafa. Noye akasema giza lile na mtu kavaa kininja nilijitetea, mahakama ikamwachia. 1986 akafungwa miaka 14 kwa dhahabu. 1996 ametoka, akagombana na kijana barabarani kwenye M25, Stephen Cameron wa miaka 21, akamuua kwa kisu. Kwa hilo akala kifungo cha maisha 2000, katoka 2019. Basi.

#35 Sista wa Essex
Naweka hii halafu nalala, nina zamu asubuhi. Mwaka juzi nilikwenda ile hifadhi ya Weald na watoto, kuna swala wale wa kizungu wanafugwa na watu wanawalisha. Nilikuwa nimesoma habari ya uzio, nikasema ngoja nione. Unatembea kwenye miti, njia ya kawaida, watu wanapita na mbwa, wazee wanasalimia. Upande wa pili ni bustani za watu matajiri. Kilichonishangaza sio umbali, ni jinsi pasipo na siri. Mtu akisimama hapo dakika ishirini anachungulia uzio utadhani anamsubiri mbwa wake ajisaidie. Nilimwambia mume wangu simama pale kwenye uzio. Akasimama. Wamepita watu watatu, wote wamemwambia "morning".

#36 Mtoto wa Geti Kali
Na mumeo ni mweusi? Wakamwambia morning tu? Essex imebadilika

#37 Sista wa Essex
Mmoja alirudi kuangalia mara ya pili 😅

#38 Jirani wa Nyali
Hapo sasa. Basi muuaji wa Palmer hakuwa wa kutazamwa mara mbili. Tumepunguza orodha.

#39 Kitasa Kibovu
Jirani umemaliza kazi ya polisi wa Essex kwa sentensi moja. Mwezi mmoja baada ya tukio walimkamata mtu Warwickshire wakamwachia, baadae wakamhoji mwingine Hispania, hakuna kitu. Zawadi ya paundi 100,000 iliwekwa mezani.

#40 Ntakujibu Kesho
Laki moja ya paundi? Nilikuwa Essex siku hiyo nimeona kila kitu, nitumiwe nauli.

#41 Mwana Tanga
Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza nje kidogo ya mada. Nilisoma mahali kwamba ukinunua kito cha dhahabu Uingereza baada ya 1983 kuna uwezekano umevaa Brink's-Mat. Ni kweli au maneno? Maana marehemu baba alikuwa baharia, alimletea mama pete kutoka kule.

#42 Mchekecha wa Chunya
Marahaba. Ni msemo wa magazeti ila una mantiki. Ikishayeyushwa ikauzwa kama skrapa inaingia kwenye mkondo wa masonara wote, inachanganyika, huwezi kuitenganisha tena. Dhahabu ni kama maji ya mtungi, ukimimina kikombe cha jirani humo kakitafute. Nyingi ya zile tani 3 haijawahi kupatikana. Ila pete moja kuwa nayo, Mungu ndo anajua.

#43 Babu Asili
Kijana usiivae hiyo pete.

#44 Mwana Tanga
Anaivaa mama, babu. Haitoki tena kidoleni, ameongezeka.

#45 Wakili Njaa
Mwana Tanga, vito vya Uingereza vina mihuri kwa ndani. Kila ofisi ya upimaji ina alama yake, London kichwa cha chui, Birmingham nanga, Sheffield ua la waridi. Halafu kuna herufi ya mwaka. Ilianza upya na A mwaka 1975, kila mwaka herufi moja, J wakairuka. Mwambie mama asogee kwenye mwanga uangalie.

#46 Kipanga84
Kamvulie kwa sabuni ya kipande. Uzi mzima unasubiri.

#47 Mwana Tanga
Imegoma kutoka hata kwa sabuni. Amekasirika kidogo, anauliza hao wezi wa kizungu wanahusiana nini na kidole chake. Ila imesogea hadi kwenye kiungo nimepiga picha ya ndani nikaikuza. Kuna 375, kuna kitu kama ua, na herufi kama K iliyolala.

#48 Mchekecha wa Chunya
375 ni karati 9. Imechanganywa sana.

#49 Kitasa Kibovu
Ua ni Sheffield si ndio? Na K…

#50 Wakili Njaa
A 75, B 76, C 77, D 78, E 79, F 80, G 81, H 82, I 83. J hakuna. K ni 1984.

#51 Ntakujibu Kesho
🚶🏾‍♂️🚶🏾‍♂️🚶🏾‍♂️

#52 Babu Asili
Nilisema.

#53 Wakili Njaa
Tulieni, mwaka ule Sheffield walipiga mihuri pete nyingi. Haina maana yoyote.

#54 Mwana Tanga
Nimemwambia mama. Amesema hata kama ni ya wizi, aliyeiba hakuiba kwake, na ameirudisha kidoleni anaendelea kuchambua mchele.